Jinsi ya Kupiga Picha za Sakitu katika Milima ya Ruwenzori

Sakitu ni mvuke wa hewani unaogeuka barafu moja kwa moja unapogusa kitu chenye baridi chini ya nyuzi 0, na ndiyo sababu hujijenga kwa sindano na manyoya. Nchini Uganda, itafute katika Milima ya Ruwenzori, hasa kuanzia mita 4,000 hivi, kutoka bonde la Bujuku kupanda kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109.

Panga safari katika miezi yenye mvua chache, Juni hadi Agosti au Desemba hadi Februari, kisha utazame anga usiku. Nyota zikiwaka na upepo ukitulia, majani hupoteza joto haraka hata yakawa baridi kuliko hewa inayoyazunguka. Mawingu yakitanda, ni afadhali uendelee kulala.

Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, kwa hiyo uwe tayari nusu saa kabla, kwani miale ikishayafikia majani, sindano huyeyuka upesi. Anza na alikemila, kijichaka kilichotanda kando ya njia. Kingo za jani lake zina meno, na sakitu huanzia hapo kwa kuwa sehemu nyembamba zilizochomoza hupoa kwanza. Kila jino hubeba safu ya sindano nyeupe huku katikati ya jani pakibaki kijani. Kwangu mimi, picha hiyo inaishinda ya lobelia kubwa, mmea mrefu wa milimani ambao wageni wengi huukimbilia. Hata hivyo, lobelia nayo usiipite: chungulia katikati ya duara la majani yake, ambamo maji huganda juu tu, na utando huo wa barafu hulikinga chipukizi lililo chini. Usiubonyeze.

Elekeza pumzi zako pembeni, maana zinayeyusha. Zima taa ya kamera, tafuta mwanga unaotoka ubavuni, na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huidhoofisha.

Asiyeweza kupanda mlima aweke kipande cha kioo safi kwenye friza usiku kucha, akitoe kwa glavu na kukipulizia pumzi taratibu. Kioo chenye mikwaruzo midogo kinafaa zaidi, kwani barafu huifuata mikwaruzo hiyo, kama inavyofanya kwenye madirisha ya nchi za baridi.