Chachu ya Zabibu Kavu kwa Jiko la Joto

Maelekezo mengi ya kutengeneza chachu ya mkate yametoka nchi za baridi. Utaambiwa usubiri siku saba, wengine kumi na nne. Mimi naokea Tanga, na jikoni kwangu joto la mchana linacheza kwenye nyuzi 30. Nilipofuata kalenda yao, siku ya saba nilifungua chupa nikakuta siki. Tangu hapo sihesabu siku. Naangalia chupa.

Kwa nini zabibu? Kwenye ganda lake kuna hamira za porini, jamaa wa hii ya pakiti, zimelala zikingoja maji. Zikiyapata zinaanza kula sukari na kutoa gesi. Hata unga na maji matupu hutoa chachu, ila siku mbili za mwanzo bakteria wasiotakiwa huiumua kwa fujo, inanuka, halafu kimya. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuitupa. Maji ya zabibu yanakupunguzia adha hiyo, kwa sababu yanaingia kwenye unga yakiwa na hamira tele.

Hatua ya 1: Chagua zabibu

Usiharakishe hapa. Chukua zabibu nyeusi au za kahawia. Zile za rangi ya dhahabu, nzuri kwa macho na kwa pilau, kwa kawaida zimepitishwa kwenye moshi wa salfa ili zisibadilike rangi, na salfa hiyo hiyo huua hamira. Niliwahi kuzitikisa siku nne bila povu hata moja. Nyingine hupakwa mafuta zisigandane. Ukizishika vidole vikateleza, zisuuze upesi kwa maji ya uvuguvugu. Kama hazitelezi, usizioshe. Tende nazo zinafaa, ila maji yake huwa mazito na kuchuja kunachosha.

Hatua ya 2: Loweka

Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Maji ya bomba yenye dawa hudhoofisha hamira, na ukiyatia ya moto umezipika. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya jemu kwa mfano, iliyooshwa kwa maji ya moto. Tia gramu 80 za zabibu na gramu 300 za maji. Theluthi ya chupa ibaki tupu.

Funika bila kukaza. Mara moja nilikaza kifuniko nikasafiri siku mbili. Niliporudi na kukifungua, zabibu zilipiga dari.

Asubuhi na jioni: kaza, tikisa, fungua gesi itoke, legeza tena. Kutikisa kunazuia ukungu, maana zabibu zinazoelea zikikaa kavu juu ndizo huota manyoya kwanza.

Hatua ya 3: Soma chupa

Siku ya kwanza zabibu zinavimba tu. Kisha moja moja zinapanda juu. Maji yako tayari zabibu zote zikielea, ukifungua chupa ikitoa sauti kama soda, na chini kukiwa na vumbi jeupe lililotuama. Vumbi hilo ni hamira yenyewe, usilimwage. Harufu iwe ya matunda yaliyochacha, yenye utamu kwa mbali. Kwangu ni siku ya tatu. Kule Lushoto mwezi wa Julai, jipe siku sita au saba.

Ukiona manyoya ya kijani au meusi, au rangi ya waridi, mwaga vyote uanze upya. Usikwangue juu ukaendelea.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Wazee wetu waliloweka zabibu au tende usiku wakanywa maji yake asubuhi. Hayo ni ya usiku mmoja. Haya yetu yana kileo, si ya kunywa.

Hatua ya 4: Tia unga

Tikisa vumbi lichanganyike, chuja, kamua zabibu. Changanya gramu 60 za maji hayo na gramu 60 za unga, nusu wa atta na nusu mweupe. Weka kwenye chupa safi, zungushia mpira wa kufungia noti usawa wa uji ulipofika. Ukiongezeka mara mbili, kwa kawaida baada ya saa tano hadi nane, lisha.

Mara ya kwanza: gramu 40 za chachu, 40 za maji ya kawaida, 40 za unga. Kuanzia mara ya pili, kwa joto letu, punguza chachu: gramu 20 kwa 60 za maji na 60 za unga. Ukiacha chachu nyingi inamaliza chakula mapema, inashuka na kuwa kali kabla hujaamka. Lisha asubuhi na jioni. Inayobaki usiitupe, ichanganye kwenye chapati za maji.

Ikiumuka mara mbili ndani ya saa nne hadi sita, kwa milo miwili mfululizo, iko tayari.

Hatua ya 5: Mkate wa kwanza

Unga gramu 500, chachu iliyofika kileleni (imeumuka hadi mwisho, haijaanza kushuka) gramu 100, maji 310, chumvi 10. Kanda mpaka ulainike. Uache uongezeke nusu ya ukubwa wake, kama saa nne. Usisubiri uwe maradufu, kwenye joto utalegea. Uviringe, uweke kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, usubiri saa moja nyingine. Mimi huoka kwa mkaa: makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, dakika 40 hivi. Gonga tako la mkate. Ukilia kama kibuyu kitupu, umeiva. Uache upoe saa nzima, la sivyo ndani utanata kisuni.

Chachu iliyobaki ilishe, ngoja saa moja, iweke kwenye friji. Mlo mmoja kwa wiki unatosha. Ukikuta maji ya kijivu juu yake, ina njaa tu: yamwage, ulishe mara mbili nje ya friji kabla ya kuoka.