Jinsi ya kupima nafasi yako ya kuingia West Point au Annapolis

Mwanafunzi anayetaka kujua nafasi yake katika vyuo vya kijeshi vya Marekani kwa kawaida huanza na asilimia ya wanaopokelewa, ambayo kwa West Point (chuo cha jeshi la nchi kavu) na Annapolis (chuo cha jeshi la majini) huwa karibu na 10. Namba hiyo inapotosha. Ndani yake wamo maelfu waliofungua faili la maombi mtandaoni wakaliacha njiani, bila hata kufanya mtihani wa viungo. Halafu, na hili ndilo kubwa, hushindani na nchi nzima kwa mkupuo. Unashindana kwanza na waliomo kwenye orodha ya majina ambayo mbunge wako huyapeleka chuoni, na hao huenda ni kumi tu. Pima nafasi yako hapo.

Kwanza hakikisha hujazuiwa na masharti ya msingi. Uwe raia wa Marekani kufikia siku ya kuripoti (kadi ya ukaazi haitoshi), uwe na angalau miaka 17 ifikapo Julai 1 ya mwaka huo, usiwe na ndoa wala ujauzito. Raia wa nchi nyingine ana mlango wake: kila chuo kinaweza kuwa na wageni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja, wanaopendekezwa na serikali zao kupitia ubalozi wa Marekani nchini mwao, na baada ya kuhitimu hurudi kutumikia jeshi la kwao. Kama hiyo ndiyo hali yako, yanayofuata kuhusu wabunge hayakuhusu. Ya masomo, viungo na afya yanakuhusu yote.

Uteuzi

Isipokuwa chuo cha Walinzi wa Pwani kilichoko New London, vyuo hivi havipokei mtu asiye na uteuzi, yaani ambaye jina lake halijapelekwa chuoni na kiongozi mwenye haki ya kuteua. Maseneta wawili wa jimbo lako na mbunge wa eneo lako, kila mmoja anaruhusiwa kuwa na makadeti watano kwa wakati mmoja katika kila chuo. Gawanya watano kwa miaka minne ya masomo: kila ofisi ina nafasi moja kwa mwaka, mara mojamoja mbili. Omba kwa wote watatu. Makamu wa Rais naye huteua, lakini huko unapambana na nchi nzima, kwa hiyo omba bila kuegemea hapo. Mtoto wa mwanajeshi aliyetumikia kazini angalau miaka 8 mfululizo anaweza kupata uteuzi wa Rais. Wengi hukosea hapa kwa kuandika barua Ikulu, wakati ombi hilo hupelekwa chuoni kwenyewe.

Mwezi wa Aprili au Mei wa darasa la 11 (mwaka mmoja kabla ya kumaliza sekondari), piga simu ofisi ya kila mmoja umwulize mtumishi anayeshughulikia vyuo vya kijeshi: mwaka huu mna nafasi ngapi kwa chuo ninachokitaka, mwaka jana waliomba wangapi, na mnateua kwa utaratibu gani? Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Kuna mbunge anayepeleka majina bila kuyapanga, chuo kikamchukua mwenye alama za juu kati yao. Mwingine humtaja mteule mkuu, na huyo akitimiza vigezo ndiye anayepewa nafasi hata kama aliye chini yake ana alama kubwa zaidi. Waliobaki ama hupangwa kwa namba ama huachwa washindane. Kwa mbunge wa aina ya kwanza, alama zako ndizo zitakazokubeba. Kwa wa pili, usaili mbele ya kamati yake unaweza kumaliza kazi yote kabla chuo hakijasema neno.

Tuseme ofisi ina nafasi moja na orodha ya majina 10. Watatu wakikwama kwenye afya na mmoja akachukuliwa kupitia orodha ya seneta, umebaki na wenzako watano. Hiyo ndiyo hesabu yako halisi, na inatofautiana sana kutoka eneo hadi eneo: vitongoji vya kaskazini mwa Virginia, palipojaa familia za wanajeshi, ni vigumu kuliko maeneo mengi ya mashambani. Aliyetimiza vigezo vyote na kushindwa kwenye orodha yake huingia kwenye orodha ya akiba ya taifa, ambako chuo hujazia nafasi zilizobaki.

Kwenye usaili, jibu la "nataka elimu ya bure" huua ombi papo hapo. Kamati inajua kwamba kila mhitimu hudaiwa angalau miaka 5 ya utumishi kamili, na inataka kusikia kama wewe pia unajua. Utaulizwa vilevile utafanya nini usipopokelewa. Asiye na mpango wa pili anaonekana anapenda jina la chuo kuliko kazi ya uofisa.

Alama zinakotoka

West Point hugawa alama zake hivi: masomo asilimia 60, uongozi 30, viungo 10. Kwa hiyo saa moja ya kujiandaa kwa SAT au ACT (mitihani ya kuingia vyuo vya Marekani) ina thamani kuliko klabu ya nne unayojiunga nayo mwaka wa mwisho. Rudia mtihani, sehemu uliyofanya vizuri zaidi ndiyo inayohesabiwa. Usikwepe hesabu za kalkulasi, kemia na fizikia ili kulinda wastani wako, maana ugumu wa masomo uliyochukua nao unaangaliwa. Linganisha matokeo yako na takwimu za darasa jipya ambazo kila chuo huzichapisha. Ukiwa chini ya wastani wao, orodha ya ushindani haikufai sana. Elekeza nguvu kwa mbunge anayemtaja mteule mkuu.

Katika uongozi, nahodha mmoja wa timu huzidi uanachama wa klabu sita.

Mtihani wa viungo kwa miaka mingi umekuwa na sehemu sita: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, kukunja tumbo kwa dakika moja, pushapu kwa dakika moja, kisha maili moja. Soma maagizo ya mwaka wako kabla ya kuanza mazoezi. Alama za juu kabisa kwa wavulana zimekuwa futi 102 (kama mita 31), kujivuta mara 18, sekunde 7.8, kukunja tumbo 95, pushapu 75 na maili kwa dakika 5 na sekunde 20. Wasichana futi 66 kwenye mpira na dakika 6 kwenye maili. Kinachoangusha wengi ni mpira. Magoti yakiwa chini nguvu ya miguu haipo, hivyo anayetegemea mkono pekee huishia katikati ya uwanja. Geuza kiuno nyuma, rusha kwa mkono mmoja juu ya bega, uachie mpira kwa pembe ya nyuzi 40 hivi. Fanya mazoezi kwa mfuatano kamili, sehemu zote sita siku moja, kwa sababu maili inayokimbiwa baada ya pushapu si ile uliyoizoea asubuhi.

Afya

Vipimo husimamiwa na DoDMERB, bodi ya Wizara ya Ulinzi. Pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13, dawa za ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu) ndani ya miezi 24 iliyopita na miwani yenye nguvu inayozidi diopta 8 ni baadhi ya mambo yanayokuzuia. Barua ya kukataliwa isikukatishe tamaa: chuo kinachokutaka hukuombea msamaha chenyewe, yaani ruhusa ya kuingia licha ya tatizo hilo, wewe huwezi kuuomba. Ndiyo maana faili lenye alama nzuri hupata msamaha ambao faili dhaifu haliombewi. Wakikutaka nyongeza ya nyaraka, zipeleke wiki hiyohiyo. Mzazi akiandika "pumu" kwa sababu ya kipulizi ulichopewa utotoni wakati wa mafua, tafuta rekodi za daktari mapema. Kuficha ugonjwa ni hatari kuliko ugonjwa wenyewe.

Fungua faili Januari ya darasa la 11, kipindi ambacho maombi ya programu za kiangazi za vyuo hivi nayo yanakuwa wazi. Ofisi nyingi za wabunge hufunga kati ya Septemba na Oktoba, usaili ni kabla ya Krismasi, na West Point na Annapolis hutaka faili kamili kufikia mwisho wa Januari.

Ukikosa, chuo chenyewe kinaweza kukupa mwaka wa maandalizi (kwa Annapolis hufanyika Newport, Rhode Island). Haiombwi peke yake. Usipopewa, nenda chuo kikuu chenye ROTC (mafunzo ya uofisa wa jeshi ndani ya chuo cha kiraia), chukua kalkulasi, kemia na Kiingereza muhula wa kwanza, upate A, uombe tena. Kikosi cha ROTC nacho kina uteuzi wake, kwa hiyo mara ya pili unakuwa na mlango mwingine.