Somo: Jina la biashara sio alama ya biashara, usije ukalia kama mimi

Wakuu habari za mda huu. Nimeona niandike hili kwa wajasiriamali wa Bara maana kila siku mtu anasema "mimi nimeshasajili BRELA" (wakala wa serikali wa kusajili biashara) afu ukimuuliza umesajili nini hajui.

Mimi nilikua natengeneza siagi ya karanga, cheti cha jina la biashara ninacho, nimekitundika ukutani kabisa, siku moja naingia duka la mtaa wa pili nakuta kopo lina jina langu lilelile mwandiko tu ndo tofauti, nikaenda kwa jamaa kifua mbele na cheti changu mkononi. Kumbe mwenzangu kasajili alama. Lebo zote nilizokua nimeshaprinti nikawashia jiko.

Jina la biashara linaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Alama ya biashara ndo inakupa nguvu ya kumzuia mtu asiibandike kwenye bidhaa kama yako. Vyote viko BRELA ndo maana tunachanganya, ila sheria ni tofauti, ya alama za biashara na huduma ni ya mwaka 1986.

Hatua ya 1, jina lenyewe. Hapa ndo wengi wanaangukia pua. "Asali Tamu" hupewi, kila muuza asali ana haki ya kusema asali yake ni tamu. "Mchele wa Kyela" vilevile, Kyela sio ya kwako peke yako. Jina la kubuni lisilo na maana yoyote ndo lina nguvu, Kodak ilitungwa tu karne ya 19 haikua na maana kwenye lugha yoyote na dunia nzima ikaijua.

Hatua ya 2, klasi, yaani makundi ya bidhaa na huduma. Ziko 45, za bidhaa ni 34 na za huduma 11, na ulinzi wako unaenda na klasi uliyoombea. Sasa cheki hii: siagi ya karanga na jamu ziko klasi ya 29, lakini pilipili ya chupa, unga na majani ya chai ziko klasi ya 30. Nguo 25, sabuni na losheni 3, mgahawa 43. Ukikosea hapa unalipia ulinzi wa kitu ambacho huuzi.

Hatua ya 3, tafuta kwanza kama kuna alama inayofanana. Usiangalie herufi tu, litamke kwa sauti, maana "Zuri" na "Zuuri" kwa mteja ni kitu kimoja.

Hatua ya 4, ingia kwenye ORS, mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni, jaza ombi, weka nembo yako, lipa kwa kontrol namba. Namba ya NIDA iwe karibu.

Baada ya hapo ni kusubiri. Mkaguzi anapitia, akiwa na hoja anakuandikia, jibu usikae kimya. Ikikubaliwa inatangazwa kwenye jarida lao na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Zikipita salama unapata cheti cha miaka 7, ukihuisha inakua miaka 10 kila mara.

MASWALI

Mdau wa Mbeya: Mkuu mi nina nembo ya TBS tayari, bado nahitaji hii?

Jibu: Ndio kaka. TBS wanasema bidhaa yako ina ubora, hawasemi jina ni la nani.

Mdada wa Tanga: Nikisajili huku naweza kuuza Unguja bila wasiwasi?

Jibu: Kuuza utauza dada, ila ulinzi wa BRELA unaishia Bara. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na sheria yao, unaomba upya. Kenya nako ni KIPI.

Mdau wa Moro: Nimebuni mashine ya kupukuchua mahindi, nayo ni alama?

Jibu: Hapana, hiyo ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ina sheria yake ya 1987. Lazima kiwe kitu kipya duniani sio kipya Morogoro tu, kiwe na ubunifu ambao fundi wa kawaida asingeufikia kirahisi, na kiweze kutengenezwa. Ukipewa ni miaka 10, unaweza kuongezewa mitano mara mbili. Ila video usirushe TikTok kabla hujaomba, upya wenyewe unaweza kupotea hapo.

Mdau wa Moro: Mkuu video nimerusha jana 😭

Jibu: Ifute sasa hivi, afu kesho asubuhi nenda BRELA, waambie tarehe uliyorusha usiwafiche.

Mdada wa Tanga: Ile R ya kwenye duara, ya kuonyesha alama imesajiliwa, naweka lini?

Jibu: Cheti kikiwa mkononi.