Kupiga Picha Majengo Chakavu ya Moshi Wakati wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti, wingu hulala juu ya Moshi tangu alfajiri mpaka saa nne au saa tano. Hakuna kivuli kikali, na plasta iliyolowa huonyesha rangi zake zote. Ndio msimu wa magofu.

Chagua ukuta kabla ya kuchagua jengo. Miezi hii jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima, kwa hiyo ukuta unaotazama Mlima Kilimanjaro hupata mwanga, na ule uliogeukia TPC, mashamba ya miwa yaliyo kusini mwa mji, haupati jua hata dakika moja. Huko kusini ndiko kuvu la kijani hustawi, na unaweza kupiga hata saa sita mchana. Ukuta wa kaskazini usubiri siku wingu limepasuka: saa moja hadi saa mbili asubuhi jua huupitia kwa ubavu, kila gamba la rangi likatupa kivuli chake chembamba.

Magamba hayo ndiyo utajiri wenyewe. Kwenye maduka ya zamani ya Wahindi katikati ya mji, mlango mmoja unaweza kuwa na kijani juu, bluu chini yake, kisha chokaa, kisha mbao tupu iliyoliwa na mchwa. Simama sentimita 60 hivi kutoka mlangoni, kamera iwe sambamba nao, tundu la lenzi f/8 au f/11, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100, juu ya stendi. Tumia kipima muda cha sekunde 2, maana kidole kinachobonyeza hutikisa kamera. Ukipiga kwa pembe, gamba la mbele litakuwa kali na la nyuma litafifia.

Jengo zima lina taabu nyingine. Ukiinamisha kamera kuelekea juu, kuta huonekana zinaanguka kinyumenyume. Rudi nyuma, weka kamera wima kabisa bila kuiinamisha, kisha kata barabara iliyozidi chini wakati wa kuhariri. Anga jeupe la kipupwe hudanganya kipimo cha mwanga na ukuta hutoka mweusi. Liache nje ya picha, au piga tatu zinazopishana stopu mbili mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu au kuupunguza nusu) na kuziunganisha baadaye. Njia hiyohiyo hufaa chumba chenye giza na dirisha moja. Kwa simu, gusa ukuta na ushikilie mpaka mwanga ujifunge, kisha ushushe mwangaza kidogo. Rangi zikitoka na ubluu, weka mizani ya rangi kwenye alama ya wingu.

Magofu mengi yana wenyewe, na mara nyingi kuna familia inayoishi uani. Piga hodi. “Shikamoo mzee, naomba kupiga picha ukuta huu wa mbele” inatosha mara nyingi. Kama mwenyewe hayupo, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nguo zilizoanikwa na watoto wanaocheza ni maisha ya watu: uliza kwanza. Stesheni inavutia, maana reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, lakini zungumza na mkuu wa stesheni kabla ya kutoa kamera. Droni inahitaji kibali.

Ndani, nendeni wawili, na viatu vya soli ngumu: msumari wenye kutu huleta pepopunda. Kwenye sakafu ya mbao kanyaga kandokando, juu ya boriti, si katikati. Vaa barakoa palipo na kinyesi cha popo. Paa la kijivu lenye mawimbi manene huenda ni asibestosi. Usilivunje wala kufagia vumbi lake. Sikiliza kabla ya kuingia, kwa sababu nyuki hupenda dari tupu.

Baridi ya Moshi haimalizi betri kama ile ya Ulaya. Adui ni unyevu. Lenzi iliyopoa nje ikiingizwa kwenye mgahawa wenye mvuke wa supu hufunikwa na ukungu papo hapo, na kuifuta kunaipaka maji tu. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa. Manyunyu yakianza, elekeza lenzi chini kati ya picha na picha, uangalie kioo kila mara: tone moja huacha doa lisiloharirika. Nyumbani fungua begi likauke, kisha hifadhi kamera kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kwani kuvu lililopo ukutani huota pia kati ya vioo vya lenzi.