Ndevu za Lubumbashi: toka baridi ya Juni mpaka joto la Oktoba (somo)

Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtuma hapa. Kila Juni napokea picha za mashavu yaliyopauka. Joto la Septemba likianza tu, picha zinakuwa za shingo zilizojaa vipele, na swali ni lile lile: "Yaya (mkubwa wangu), hizi ndevu nizitoe zote?" Hapana. Kosa ni kuzitunza ndevu za kiangazi kama unavyozitunza wakati wa mvua. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Mvua inakatika Aprili na hairudi sawasawa mpaka Novemba. Katikati yake tunapita kwenye baridi kavu, halafu vumbi jekundu, halafu Oktoba inayochoma. Ngozi inayaona mambo hayo yote hata kama wewe huyaoni.

Hatua ya 1. Ziache ziote. Anza mvua ikikatika. Ndevu zinaongezeka kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo wiki nne za kwanza usiguse kitu, hata zikiwasha.

Hatua ya 2. Osha mara mbili au tatu kwa wiki kwa sabuni laini, siku nyingine maji tu. Agosti na Septemba, maji kila jioni, bila kukosa. Asubuhi za baridi weka sufuria kwenye mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) wakati makala yanafifia: vuguvugu inatosha. Maji ya moto yanatoa mafuta ya asili ya ngozi, ndipo uso unapauka.

Hatua ya 3. Mafuta, na ngozi iwe bado na unyevu. Mafuta hayaleti maji, yanafungia maji yaliyopo. Ukipaka kwenye uso mkavu umefungia ukavu. Matone machache ya mafuta ya nazi au ya mbarika yanatosha, yafike kwenye ngozi chini ya ndevu, si juu ya nywele tu. Gliserini ni nzuri na bei yake si kubwa, ila wakati wa baridi kavu usiipake peke yake: inatafuta maji, na isipoyapata hewani inayachukua kwenye ngozi yako. Changanya sehemu moja ya gliserini na mbili au tatu za maji, halafu mafuta juu. Joto la Oktoba likifika, punguza. Jasho na mafuta mengi ni kuita vipele.

Hatua ya 4. Chana kwa kitana cha meno mapana, kuanzia nchani kurudi kwenye shina.

Hatua ya 5. Shingo. Hapa soma polepole. Alama ninazo mpaka leo chini ya taya la kushoto, kwa hiyo sisemi ya kusikia.

Nywele zetu nyingi zimejikunja. Ukizikata kwa wembe karibu kabisa na ngozi, ncha inabaki kali kama ya sindano iliyokatwa mshazari. Inaota, inajipinda, inatoboa ngozi ya pembeni na kuingia tena ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba, usaha unakuja. Mara nyingine haitoki nje kabisa: ukivuta ngozi unaponyoa, au ukitumia wembe wa makali matatu manne, nywele inakatwa chini ya uso wa ngozi na inapotea humo humo. Ndiyo sababu vipele havionekani siku ya kunyoa. Siku ile shingo inang'aa, unajipiga picha. Vinakuja baada ya siku kadhaa.

Kwa hiyo: mstari wa chini uwe vidole viwili juu ya kikoromeo, usipande mpaka kwenye taya. Chini ya mstari pitisha mashine na uache kama milimita 1. Usinyoe mpaka ngozi iwe kama ya mtoto, hata kama kuna ndoa Jumamosi. Ukilazimika kutumia wembe, uwe wa makali moja, baada ya maji ya vuguvugu, kufuata nywele zinakolalia, na usivute ngozi. Pitisha kidole kwanza uone zinalalia wapi, maana shingoni zinageuka geuka.

Vipele vikishatoka, weka wembe chini mwezi mzima. Usiminye. Usichimbe. Ukiiona nywele imejikunja kama kamba ndogo chini ya ngozi, weka kitambaa cha maji ya vuguvugu dakika chache, halafu nyanyua ncha kwa sindano iliyosafishwa na spiriti. Nyanyua tu, usiing'oe, kwa sababu ukiing'oa itakayofuata itapita njia ile ile. Madoa meusi yanachukua miezi kufifia. Na kama kwenu kuna watu ambao kidonda kwao kinageuka uvimbe mgumu, usicheze na shingo hata kidogo, nenda kwa daktari mapema.

Hatua ya 6. Kinyozi. Kiwembe kifunguliwe mbele ya macho yako. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku 7 au zaidi nje ya mwili, hata damu ikishakauka, na wembe wa mwenzako hauonyeshi kitu. Meno ya mashine yasuguliwe kwa brashi kwanza, nywele zitoke, ndipo spiriti. Kumwaga spiriti juu ya uchafu si kusafisha. Kinyozi akinuna, ndevu zako zitamngoja mwingine.

Hatua ya 7. Mvua ikirudi, zifupishe, kausha kila ukilowa, mafuta kidogo sana.

Maswali:

Kijana wa Katuba: Yaya, ni marefu. Niambie tu mafuta ya kuotesha ndevu haraka.
— Hakuna. Mafuta yanalainisha. Kuota ni umri na ukoo. Mwangalie baba na wajomba.

Kijana wa Katuba: Na nikinyoa mara nyingi hazitakuwa nzito?
— Hapana. Ncha iliyokatwa haina wembamba wa ncha ya asili, ndiyo maana unaisikia ngumu kwenye kidole. Idadi ni ile ile.

Mpita Njia: Kinyozi wangu ananipitisha wembe shingo yote miaka mingi, sijawahi kuona kipele. Unatisha watu bure.
— Basi nywele zako hazijikunji sana. Shukuru wazazi, endelea. Somo hili ni la wale wanaonitumia picha.

Wewa wa Ruashi: Mkubwa, mimi ni wewa, nabeba abiria, niko kwenye moto (pikipiki) toka saa kumi na mbili asubuhi. Jioni nikipangusa ndevu, kitambaa kinakuwa chekundu kama tofali. Na kamba ya kofia inanisugua hapa chini ya taya, ndipo vipele vimejaa. Nifanye namna gani?
— Swali la maana, aksanti. Msuguano unakandamiza nywele zirudi ndani, hata ambaye hanyoi anaweza kupata. Moja: vaa kitambaa laini cha pamba shingoni, kamba ikae juu yake, na kifuliwe kila siku, kwa sababu kikikaa na jasho ni kibaya kuliko kamba. Mbili: ile kamba yenyewe ipanguse kwa maji na sabuni. Umeshawahi kuiosha? Tatu: asubuhi usipake mafuta, vumbi linaganda humo. Paka usiku baada ya kuosha. Na hapo chini ya kamba usipitishe wembe kabisa.

Wewa wa Ruashi: Kamba sijawahi kuiosha hata siku moja. Leo naiosha.

Dada wa Kamalondo: Mume wangu anapaka pomadi ya tyubu ya famasi, vipele viliisha siku chache, sasa vimerudi vingi.
— Dada, soma jina kwenye tyubu. Ikiwa ni betametazoni au klobetazoli, hiyo ni kortikoidi. Inazima uvimbe haraka, ukiitumia muda mrefu inapunguza unene wa ngozi na vipele vinarudi na hasira. Aonane na daktari, asiendelee peke yake. Kama ameipaka miezi mingi, daktari ndiye amwambie namna ya kuiacha.

Mwanafunzi wa Kasapa: Yaya, ni kweli kwamba ndevu zinaota haraka zaidi kwa msimu fulani, au ni maneno?
— Si maneno matupu. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walichapisha vipimo vya wanaume wa kule: ndevu zilikua polepole kabisa Januari na Februari, zikapanda hadi kilele mwezi wa Julai, kama asilimia 60 juu. Lakini kule mchana wa Juni unapita saa 16 na wa Desemba haufiki 8. Kwetu, kati ya mchana mrefu na mfupi kuna saa moja na dakika ishirini hivi tu. Kwa hiyo mimi sitegemei tofauti kubwa hapa. Ninachokiona ni kwamba wakati wa baridi kavu nywele zinakatika nchani, mtu anadhani haziongezeki. Zinaongezeka, zinavunjika.

Mwanafunzi wa Kasapa: Na unga mweupe ndani ya ndevu, ni ukavu ule ule?
— Ukitoka kama vumbi na mafuta yanauondoa, ni ukavu. Ukiwa na rangi ya njano, unanata, na ngozi chini ni nyekundu au inawasha, ni mba, na mafuta yatauzidisha. Ulizia shampuu ya ketokonazoli famasi, acha ikae dakika tano, mara mbili kwa wiki.

Kinyozi Mwenzenu: Niongeze ya kazi. Mashine ikiishiwa chaji haikati, inavuta nywele. Umeme ukirudi usiku, amka uiweke.
— Kweli kabisa. Na tone la mafuta ya mashine kwenye meno, si ya kupikia.

Papa wa Bel-Air: Nyinyi vijana hamjasema habari ya sharubu na sombe (kisamvu).
— Papa, sharubu zikatwe zisifike kwenye mdomo wa juu. Ukimaliza bukari (ugali), nawa na mdomo, si mikono peke yake. Mafuta ya mawese yakikauka humo hata kitana hakipiti.