Namna ya kupima kaunti kabla ya kuhamia: kodi ya nyumba, ushuru na kipato

Kodi nafuu ya nyumba huwahamisha watu wengi kutoka kaunti moja hadi nyingine, na wengi wao hugundua baada ya miezi michache kwamba mfuko haujapata nafuu yoyote. Kodi ya nyumba ndiyo gharama iliyo rahisi kuona kwa sababu imeandikwa kwenye kibao langoni. Maji, nauli na ada za kaunti hazina kibao. Linalostahili kupimwa ni pesa zinazobaki mkononi baada ya kulala, kuoga, kufika kazini na kulipa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Mwongozo huu ni wa Kenya na kaunti zake 47, na umeandikiwa mpangaji mwenye mshahara kwanza. Mwenye biashara na mnunuzi wa ploti nao watapata sehemu yao.

Anza na mshahara unaokufikia

Ushuru mkubwa zaidi unaokatwa haubadiliki ukivuka mpaka wa kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia serikali ya kitaifa ushuru wa mapato, ushuru wa ongezeko la thamani (VAT), forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti imepewa reti za ardhi, ushuru wa burudani, ada za huduma zake, na kingine chochote ambacho Bunge litaruhusu kwa sheria. Kwa hiyo anayekuambia kaunti fulani ina "PAYE ya chini", yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara, amekosea.

Fanya hesabu hii mara moja, kisha uitumie kwa kila kaunti unayoilinganisha. Chukua mshahara wa shilingi 60,000 kwa viwango vya mwaka 2025. NSSF, ile ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 3,600. SHIF, ile ya afya, ni asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba, ule wa mradi wa nyumba wa serikali na si kodi ya kupanga, ni asilimia 1.5, yaani 900. Tangu mwisho wa Desemba 2024 makato hayo matatu huondolewa kabla ya kukokotoa PAYE, kwa hiyo kinachotozwa ni 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na 21,517 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 10,938. Toa nafuu ya ushuru ya kila mwezi ya 2,400, PAYE inabaki 8,538. Mkononi unapata takriban 45,312.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kupima kodi ya nyumba dhidi ya ile 60,000. Nyumba ya 18,000 ni asilimia 30 ya mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, lakini inakaribia asilimia 40 ya pesa unazozishika. Mkopo wa sacco nao ukikatwa kabla mshahara haujafika benki, anza na kinachobaki baada yake.

Mshahara wenyewe, hata hivyo, unaweza kubadilika kwa sababu ya mahali. Kima cha chini cha mishahara hutegemea eneo: kuanzia Novemba 2024 kibarua wa kawaida aliwekewa shilingi 16,113 kwa mwezi Nairobi na Mombasa, na 8,596 katika maeneo yaliyo nje ya miji na manispaa zilizotajwa kwenye sheria. Kwa walimu na watumishi wa umma, marupurupu ya nyumba hufuata kituo cha kazi, na Nairobi ndiyo iliyo juu. Mwalimu anayeomba uhamisho aulize mapema marupurupu yatakuwa kiasi gani kule aendako, na kama eneo hilo limo kwenye orodha ya mazingira magumu, kwa sababu nyongeza hiyo huweza kufidia sehemu ya anachopoteza.

Kodi ya nyumba: tafuta bei ya wadi

Wastani wa kaunti nzima haukusaidii. Kajiado ina Kitengela na Ongata Rongai, ambako wapangaji wengi hufanya kazi Nairobi, na hiyo hiyo ina vijiji vya wafugaji vilivyo mbali na lami. Kilifi ina Mtwapa na ina Ganze. Ukichanganya bei za sehemu hizo unapata namba isiyo ya mahali popote. Chagua wadi, au hata barabara moja, kisha ukusanye bei mwenyewe.

Chagua aina moja ya nyumba, tuseme ya chumba kimoja cha kulala, na utafute bei za nyumba 10 zilizo wazi kwa kutembea, si kwa mtandao peke yake. Matangazo ya mtandaoni huelemea nyumba mpya na bei inayotamaniwa. Nyumba za kawaida hujazwa kwa kibao na kwa simu ya msimamizi wa ploti, yaani jengo la kupanga. Nenda siku za mwisho wa mwezi, vibao vinapokuwa vingi. Panga bei zako kutoka chini hadi juu na uchukue ya katikati. Ukitafuta wastani, nyumba moja yenye lifti na jenereta itakuharibia hesabu.

Kwa kila nyumba uliza maswali yale yale na uandike majibu: deposti ni miezi mingapi na hurudishwa lini, ada ya ulinzi na taka iko ndani ya kodi au nje, mita ya stima ni yako mwenyewe au ni mita ndogo ya ploti. Hili la mwisho lina uzito. Pale mwenye nyumba anapokuuzia stima kupitia mita yake, bei ya uniti ni ile anayoipanga yeye. Nunua tokeni ya 200 kwenye mita inayofanana na hiyo, au mwombe jirani akuonyeshe ujumbe wa ununuzi wake wa mwisho, uone uniti alizopata.

Uliza pia kodi ilipanda lini mara ya mwisho na kwa kiasi gani. Sheria ya kudhibiti kodi za makazi inalinda nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mjini zilishakipita zamani. Kinga yako iko kwenye mkataba, kwa hiyo omba uandikwe muda wa notisi na kipindi ambacho kodi haitaguswa.

Maji

Maji yanastahili mstari wake kwenye karatasi yako. Familia ya watu 4 ikinunua mitungi 6 ya lita 20 kwa siku, kila mmoja kwa shilingi 20, hizo ni 3,600 kwa mwezi. Nyumba ya 9,000 imekuwa ya 12,600. Usiulize "kuna maji?", maana jibu huwa ni ndiyo. Uliza mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki, tangi la ploti ni la lita ngapi na linagawiwa nyumba ngapi, na maji yanatoka kwa kampuni ya maji au kwenye kisima.

Onja. Sehemu nyingi za Pwani na za nyanda kavu karibu na Nairobi zina visima vya maji ya chumvi: sabuni haitoi povu, koili za kuchemshia maji huharibika haraka, na maji ya kunywa lazima uyanunue. Katika baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Nakuru, maji ya visima yana floraidi nyingi inayobadilisha rangi ya meno ya watoto. Kuyachemsha hakuiondoi. Mwenye watoto wadogo aulize chanzo cha maji kabla ya kuuliza kodi.

Nauli hukula tofauti

Mipaka ya kaunti haifuati mipaka ya kazi. Ruiru, Juja na Kikuyu ziko Kiambu. Kitengela, Ngong na Rongai ziko Kajiado. Syokimau na Mlolongo ziko Machakos. Wakazi wengi wa huko huamka kwenda Nairobi. Ndiyo maana kodi na nauli lazima zijumlishwe pamoja.

Tuchukue yule yule wa 45,312 anayefanya kazi siku 24 kwa mwezi. Nyumba ya Nairobi: kodi 15,000, maji 800, nauli ya 50 kwenda na 50 kurudi, yaani 2,400. Jumla 18,200. Nyumba ya Kitengela: kodi 9,000, maji 1,500, nauli ya 150 kwenda na 150 kurudi, yaani 7,200. Jumla 17,700. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako, lakini tazama jinsi kodi iliyopungua kwa 6,000 ilivyoishia kuokoa 500. Jioni 5 za mvua ambazo nauli imepanda kwa shilingi 100 zinaimeza hiyo 500 yote. Muda wa barabarani bado hatujauweka.

Pima nauli kwa kusafiri: panda matatu asubuhi ya Jumatatu saa kumi na mbili, na urudi jioni ya siku ya kazi. Nauli ya mchana wa Jumamosi haitakuonyesha ukweli. Ongeza bodaboda ya kutoka steji hadi mlangoni, hasa kama unafika giza limeingia.

Mambo hugeuka kabisa kama kazi yako iko kaunti hiyo hiyo, au unafanyia kazi nyumbani. Hapo nauli inatoweka na kodi nafuu inabaki mfukoni mwako. Kwa watu hao miji kama Nyeri, Eldoret au Kakamega inafaa kupimwa kwa makini kuliko vitongoji vya Nairobi.

Kaunti inakutoza nini

Mpangaji halipi reti moja kwa moja, wala kodi ya makazi haina VAT. Ule ushuru wa asilimia 7.5 wa mapato ya kodi ni wa mwenye nyumba. Mnunuzi wa ploti au nyumba ndiye anayehitaji kusoma zaidi.

Tofautisha madeni mawili ya ardhi. Reti hulipwa kaunti kila mwaka, kwa asilimia ya thamani iliyo kwenye daftari la kaunti. Pango la ardhi hulipwa serikali ya kitaifa, na ni kwa ardhi iliyokodishwa na serikali kwa miaka 50 au 99. Ploti moja inaweza kudaiwa yote mawili, na malimbikizo huifuata ardhi hata ikibadilisha mmiliki. Usilipe bei yote kabla muuzaji hajaleta cheti cha kuonyesha reti zimelipwa.

Usilinganishe asilimia za reti za kaunti mbili bila kujua thamani zao ni za mwaka gani. Nairobi kwa miaka mingi ilitoza asilimia 34, lakini ya thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daftari jipya lilipoanza kutumika, kiwango kilishuka hadi asilimia 0.115 ya thamani mpya. Ploti yenye thamani ya milioni 10 kwenye daftari hilo inadaiwa 11,500 kwa mwaka. Asilimia ndogo si lazima iwe bili ndogo.

Ushuru wa stempu ni asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Kwa ploti ya 1,200,000 hiyo ni 48,000 dhidi ya 24,000. Ardhi ya kilimo inahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, na mikataba mingi hukwama hapo.

Mwenye biashara atafute Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo, afungue majedwali ya mwisho na kutafuta biashara yake kwa jina na ukubwa. Leseni ya biashara ni mwanzo tu. Jumlisha cheti cha zimamoto, cha afya, cha wahudumu wa chakula, na ada ya bango. Anayesafirisha mazao aulize ushuru wa sesi katika kila kaunti atakayopitia.

Kipato cha watu wa pale

Hata kama mshahara wako unatoka kwingine, kipato cha majirani ndicho kinachoamua kama duka lako litauza na kama mwenzi wako atapata kazi. Shirika la takwimu la KNBS hutoa pato la kaunti na viwango vya umaskini, na vitu hivyo viwili havisemi jambo moja. Pato hupima kinachozalishwa ndani ya kaunti. Umeme wa mvuke wa Olkaria huhesabiwa Nakuru, lakini mapato yake hayamfikii kila mkazi wa Naivasha. Kwa maisha ya kaya, angalia umaskini: mwaka 2022 kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 39.8, Nairobi 16.5, Turkana 82.7.

Kisha teremka chini. Hesabu waajiri wanaolipa kila mwezi katika mji wenyewe: hospitali, chuo, kiwanda, ofisi za serikali. Mji unaotegemea mwajiri mmoja una hatari yake. Kama mapato mengi ni ya msimu, majani chai, miwa, watalii au uvuvi, waulize wenye maduka ni mwezi gani madeni huwa mengi zaidi daftarini.

Mwisho, angalia kama pesa zinazotozwa zinarudi. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinaonyesha kila kaunti ilivyotumia pesa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Angalia pesa zilizotumika hasa, zilizopangiwa tu zisikuzuzue. Angalia pia madeni ya wakandarasi: kaunti iliyolemewa na madeni hayo huacha barabara na zahanati katikati, na gharama ya dawa na boda hukurudia wewe.

Uamuzi

Kodi, maji, stima na nauli zikipita asilimia 45 ya pesa za mkononi, kaunti hiyo ni ghali kwako hata kama jirani anaimudu. Kati ya 35 na 45 inawezekana, mradi una akiba ya miezi mitatu. Tenga pia gharama ya kuhama: deposti, kodi ya mwezi wa kwanza, lori, na sare mpya za watoto. Gawanya jumla hiyo kwa kiasi utakachookoa kila mwezi. Ukiokoa 500 kwa mwezi na kuhama kumekugharimu 40,000, utahitaji miezi 80. Ukiokoa 5,000, ni miezi 8, na hapo unaweza kutoa notisi kwa maandishi kwenye nyumba ya sasa, huku ukihakikisha tarehe yake inakulindia deposti.