Wiki ya kwanza ya mwanaprogramu mpya: jinsi ya kumpokea ofisini Mombasa

Mgeni akimaliza wiki nzima akisoma nyaraka tu, wiki hiyo imepotea. Lengo liwe moja: kufikia Alhamisi awe ametoa badiliko dogo la kweli kwenye programu, likakaguliwa na kufika kwenye seva ya wateja. Kwa badiliko hilo moja ataijua njia nzima ambayo kazi hupitia, na atazoeana na wenzake kwa kufanya kazi nao.

Kabla hajaripoti, laptopu na akaunti zake ziwe tayari. Mpe ruhusa ya msimbo (maandishi yanayounda programu) na seva ya majaribio pekee. Data za wateja asiguse bado; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu hata nakala iliyosahaulika kwenye laptopu.

Mteulie mtu mmoja wa kumwongoza. Ukimwambia "muulize yeyote", hatauliza mtu, hasa kijana aliyelelewa asimsumbue mkubwa wake. Wekeni kanuni: akikwama dakika 30, aulize, na aeleze alichojaribu. Mwambieni pia waziwazi, mbele ya wakubwa wenyewe, kwamba kuonyesha kosa kwenye msimbo wa mzee wa timu si kumvunjia heshima.

Jumatatu ni ya kusimika mfumo wa timu kwenye laptopu yake. Wageni hukwama hasa kwa mambo mawili: toleo la hifadhidata lisilolingana na la seva, na faili ya mipangilio ya siri, ambayo kwa haki haiwekwi kwenye Git (ghala la msimbo la timu), lakini hakuna aliyemwambia aipate wapi. Kila anapokwama, aandike suluhisho kwenye faili ya maelekezo. Ruta iwe na UPS (betri ya akiba), la sivyo stima ikipotea katikati ya kupakua, asubuhi nzima imekwenda.

Jumanne apewe kazi yake. Isizidi mistari 50 hivi, na isiguse hesabu ya pesa. Mfano tunaoupenda ni kusafisha namba za simu. Wateja huandika 07, 01, +254, wengine huacha nafasi katikati. M-Pesa inataka 254 ikifuatwa na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha. Mtego uko kwenye hifadhidata: namba ikihifadhiwa kama tarakimu za hesabu badala ya maandishi, sifuri ya mbele hupotea. Aandike majaribio ya kila umbo, pamoja na namba iliyopungua tarakimu moja, ambayo lazima ikataliwe.

Ukaguzi, yaani mwenzake kuusoma msimbo kabla haujaunganishwa na wa timu, ndio moyo wa wiki hii. Mgeni asisubiri hadi kesho. Ajibiwe siku hiyohiyo. Maoni yaseme mahali, tatizo na sababu. "Hii mbaya" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Mstari wa 18: mteja akiweka nafasi mwishoni, namba itakataliwa. Tuondoe nafasi kabla ya kuhesabu tarakimu." Tumia "tu-" ya "tuondoe", kwa kuwa msimbo ukishaunganishwa ni wa timu. Mkivutana zaidi ya mara mbili kwa maandishi, kaeni pamoja kwa kikombe cha kahawa, kisha uamuzi uandikwe palepale penye maoni ili wengine wauone.

Alhamisi, saa nne asubuhi, badiliko litoke. Mgeni abonyeze mwenyewe kitufe cha kulitoa, mwongozaji akiwa kando yake, na kabla ya kubonyeza aonyeshe kwa vitendo jinsi ya kurudisha toleo la zamani. Msiahirishe hadi Ijumaa: adhuhuri wengi wako msikitini, na hitilafu ikitokea jioni itawakuta watu wameshatawanyika.

Kikao cha kila siku kisizidi dakika 15, na kianze saa tatu na nusu, kwa sababu anayetoka Likoni hana amri juu ya foleni ya feri. Mwezi wa Ramadhani msipange kikao baada ya saa tisa alasiri. Watu wanawahi futari.

Ijumaa asubuhi, mwongozaji amuulize nini kilimkwaza na nini alilazimika kuuliza mara mbili. Majibu yaingie kwenye faili ya maelekezo kabla ya swala, maana baada ya wiki mbili atakuwa ameshazoea na hatayakumbuka tena.